Roboti imegoma uwanjani: kutoka dalili hadi chanzo

Roboti ya mashindano ikisimama katikati ya mechi, swali la kwanza linalosikika bandani, pale timu inapoitengenezea, ni "Nini kimeharibika?" Swali hilo bado halina jibu, kwa hiyo kila mtu hulijibu kwa kubahatisha. Wa mitambo anashuku programu, wa programu anashuku nyaya, na dereva anaapa kwamba yeye hakukosea. Anzeni na swali jingine: imegoma lini? Ilipoongeza kasi? Ilipogongwa? Kabla hata haijasogea? Mwishoni mwa mechi, betri ikiwa imechoka? Roboti kusimama ghafla ni dalili moja yenye vyanzo vingi, na kinachovitenganisha karibu kila mara ni tukio lililotangulia, pamoja na muda ambao roboti ilichukua kurudi.

Kwa hiyo kabla hamjagusa boliti hata moja, dereva na msaidizi wake waeleze walichokiona, na mtu mwingine aandike. Waseme yote. Dereva aliyegonga ukuta kwa nguvu akanyamaza kwa kuogopa lawama anawapotezea wenzake muda ambao hawana; mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasema hivi pia kwa walimu na walezi wa timu: mkimkaripia dereva kwa sababu amesema ukweli, mmejinyima shahidi wa kwanza.

Maelezo yafuatayo yanafuata zaidi roboti kubwa za FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi, zenye betri ya risasi na asidi ya volti 12. Mengi yanafaa pia kwa roboti ndogo, na pale zinapotofautiana nitataja.

Inakwamakwama inapokaza mwendo

Ikitembea polepole haina neno. Dereva akisukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho, au roboti ikisukumana na mpinzani, mota zinakatika na kurudi, zinakatika na kurudi. Hapa shukuni volti, wala msifungue programu kwanza.

Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.7 au zaidi. Namba hiyo huwadanganya wengi kwa sababu haisemi lolote kuhusu betri itakavyofanya ikifanyishwa kazi. Mota moja ya CIM, aina inayojulikana sana kwenye roboti hizi, ikizuiwa isizunguke kabisa hunyonya takriban ampea 130, na roboti huwa na mota kadhaa za magurudumu. Njia yote ya umeme, kuanzia ndani ya betri hadi kwenye mota, ina ukinzani. Ukinzani wa omu 0.02 tu ukipitishiwa ampea 200 unakula volti 4, na betri ya volti 12 inabaki na 8. Ongezeni kiungo kimoja kilicholegea, volti zinashuka chini ya 6.3 hadi 6.8 hivi, kutegemea toleo la kompyuta, na hapo kompyuta ya roboti, roboRIO, hukata nguvu za mota ili yenyewe isizime. Mzigo ukipungua, volti zinapanda, mota zinarudi. Dereva akisukuma tena, mchezo ni uleule.

Anzeni kwenye vichwa vya betri. Shikeni ncha ya waya pale ilipofungwa na mjaribu kuizungusha kwa vidole. Ikizunguka hata kidogo, mmepata angalau sehemu ya tatizo. Boliti hizi hulegea kwa mtikisiko, na nati yenye plastiki ndani huzuia hilo vizuri. Kisha nendeni kwenye kiunganishi kikubwa cha betri, halafu swichi kuu ya ampea 120, halafu ubao wa kugawa umeme. Kila waya uvutwe kwa mkono kwa nguvu ya kweli. Waya uliobanwa vibaya unaweza kuonekana mzima kabisa kwa macho, ukatoka mara moja unapovutwa.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Mara tu baada ya mazoezi makali, zimeni roboti, kisha pitisheni vidole juu ya ganda la plastiki la kila kiungo. Kiungo chenye joto kuliko jirani zake ndicho kinachokula volti zenu.

Viungo vikiwa vizima, pimeni betri zenyewe kwa kipimo kinachoweka mzigo, si kwa multimita peke yake. Kila betri iwe na namba na daftari lake, na chaja isizidi ampea 6. Betri ambayo ukinzani wake wa ndani umepanda kuliko wenzake ihamishiwe kwenye mazoezi, na isiingie tena kwenye foleni ya mechi.

Ikiwa betri na viungo ni vizima na bado volti zinaanguka, kuna mambo mawili. La kwanza ni mota zinazopigana: mbili kwenye giaboksi moja, moja ikiwa imeamriwa kuzunguka kinyume na mwenzake. Roboti inakwenda, lakini kwa mngurumo mzito, na mota zinachemka haraka. Chomoeni moja, mwendeshe, kisha mrudishe na kuchomoa nyingine. Ikiwa kwa mota moja magurudumu yanakwenda mbele na kwa nyingine yanarudi nyuma, jibu ni hilo. La pili ni kwamba roboti inataka umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kutoa. Hapo ndipo programu inaingia: wekeni kikomo cha ampea kwa kila kidhibiti cha mota, na mpunguze ukali wa kuanza mwendo.

Mota moja tu ikifa kisha ikafufuka yenyewe baada ya sekunde chache, kuna uwezekano mkubwa kwamba kikata umeme chake kidogo, mara nyingi cha ampea 40, kimepata joto, kikakatika, kikapoa na kurudi. Msikilaumu. Kimefanya kazi yake, na mzigo uliokichosha uko kwenye mitambo. Kwa roboti ndogo za FIRST Tech Challenge, angalieni fyuzi ya ampea 20 iliyo kwenye waya wa betri pamoja na kishikio chake, maana kishikio kilicholegea huleta dalili hizihizi.

Imegongwa, ikafa yote

Hesabuni muda wa kurudi. Rekodi ya video ya mechi itawasaidia kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Roboti isiyorudi kabisa, taa zote zikiwa zimezimika, imepoteza umeme wote: kitufe chekundu cha swichi kuu kimegongwa, au kiunganishi cha betri kimetoka. Swichi ikingewe kwa kibao, na betri ifungwe isiweze kucheza hata roboti ikipinduliwa. Roboti iliyorudi baada ya makumi ya sekunde imewasha upya redio yake, yaani kifaa chake cha mtandao usio na waya, au kompyuta yake. Redio ikikatika umeme kwa kufumba na kufumbua tu, lazima ianze upya na kutafuta mtandao wa uwanja, na kwa mechi ya dakika mbili na nusu hivi hiyo ni hasara kubwa. Roboti iliyorudi papo hapo imeshushwa volti, au mawasiliano yamekatika kidogo tu.

Waya wa umeme wa redio ndio ninaoushuku kabla ya mwingine wowote. Ni mwembamba, ni mwepesi, na mara nyingi hufungwa mwisho kabisa, watu wakiwa wamechoka. Ufungeni karibu na plagi, ubaki na ulegevu kidogo, ili mtikisiko usifike kwenye plagi yenyewe.

Ili kukipata kiungo kibovu, iinueni roboti juu ya vipande vya mbao, magurudumu yakiwa hewani, iwasheni, na mmoja akae na kidole juu ya kitufe cha kuzima. Mwingine agonge fremu kwa nyundo ya mpira, akisogea kutoka pembe hadi pembe, kisha atikise kila fungu la nyaya, mikono ikiwa mbali na cheni na magurudumu. Wa tatu aangalie taa. Kazi hii inachosha, na inataka wanafunzi watatu wanaosikilizana, lakini hufichua waya ambao ungejificha hadi fainali.

Chenga za alumini zina hatari yake. Mtu akitoboa tundu juu ya roboti bila kufunika vifaa vya umeme, chenga huingia ndani, na roboti inaweza kukaa nazo kwa wiki bila shida, hadi siku itakapogongwa na chenga moja kusogea kati ya pini mbili. Funikeni kwanza. Baadaye fyonzeni kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kupuliza kwa hewa ya shinikizo kunazisukuma ndani zaidi.

Kwa roboti ndogo zinazocheza juu ya sakafu ya povu, kuna chanzo kingine kisichoonekana: umeme tuli. Hewa ikiwa kavu, magurudumu yakisugua sakafu hukusanya chaji, na roboti ikigusa chuma au roboti nyingine, chaji hiyo hupita kwenye vifaa na kukata mawasiliano. Dalili yake ni kufa wakati wa mguso mwepesi ambao haungeweza kulegeza chochote. Dawa huanzia kwenye kutenga vifaa vya umeme mbali na fremu ya chuma, na kutumia waya wa kutuliza chaji ulioruhusiwa na kanuni za mashindano.

Bandani inafanya kazi, uwanjani haiunganishi

Hili ni la haraka. Redio lazima iwekwe upya kwenye kila mashindano ili itambuliwe na uwanja, na baada ya kubadilisha redio ni rahisi kusahau. Angalieni kwamba namba ya timu iliyoandikwa kwenye kompyuta ya dereva ndiyo iliyo kwenye redio na kwenye roboti, kwa sababu anwani za mtandao hutokana nayo: timu ya 1234 hutumia anwani zinazoanza na 10.12.34. Zimeni Wi-Fi ya kompyuta ya dereva, zimeni ukuta wake wa usalama wa mtandao, na mzime ile hali ya kulala ya kuokoa chaji. Rimoti zikionekana kwa mpangilio uliobadilishana, ya dereva ikawa ya anayeendesha mkono wa roboti, zipangeni upya kwenye programu ya dereva na mzifungie zisibadilike.

Mota kadhaa hazijibu, nyingine ni nzima

Kama zilizokufa zote ziko upande mmoja wa mnyororo wa CAN, yaani njia ya mawasiliano ya nyaya mbili, za njano na kijani, zinazopita kutoka kifaa hadi kifaa, kuna mkatiko mahali fulani. Zimeni roboti, mpime ukinzani kati ya njano na kijani. Mnyororo mzima husoma karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho una kizuizi cha umeme cha omu 120. Mkisoma 120, mwisho mmoja haupo: ama waya umekatika, ama kizuizi hakijawekwa. Mkisoma 40, kuna kizuizi cha tatu mahali pasipofaa. Mkisoma karibu sifuri, nyaya hizo mbili zimegusana. Kama ukinzani ni sahihi lakini kifaa kimoja hakionekani au kinafanya mambo ya ajabu, angalieni kama kinatumia namba moja na kifaa kingine cha aina yake. Kidhibiti kipya kutoka kwenye sanduku huja na namba ya kiwandani, na ndiyo sababu tatizo hili hutokea baada ya kubadilisha kifaa kwa haraka.

Haiendi moja kwa moja

Mwelekeo ndio unaosema. Iendesheni mbele, kisha nyuma, bila msaada wa jairo, kihisi cha kupima mgeuko.

Ikivutia upande wa kushoto wa roboti yenyewe ikienda mbele, na ikirudi nyuma ivutie upande uleule, magurudumu ya kushoto yana uvivu: msuguano, mota dhaifu, au tairi zilizolika. Ikivutia kushoto ikienda mbele lakini kulia kwake ikirudi nyuma, tafuteni kitu kinachoongeza mzunguko mdogo wakati wote, na mara nyingi ni kijiti cha rimoti kisichorudi sifuri. Mota zenye nguvu zaidi upande mmoja wa mzunguko kuliko mwingine huleta dalili hiyohiyo ya pili, maana za kushoto na za kulia huzunguka kinyume.

Uvivu wa upande mmoja hutafutwa kwa mikono. Umeme ukiwa umezimwa, zungusheni magurudumu ya kila upande na msikilize vidole vyenu. Kisha, roboti ikiwa juu ya mbao, someni ampea za kila mota kwa kasi ileile. Upande unaonyonya zaidi ndio unaosugua. Vyanzo huwa vya kawaida: cheni iliyokazwa kupita kiasi, boliti ya ekseli inayobana beringi, beringi mbili zisizo kwenye mstari mmoja, skrubu ndefu inayogusa gurudumu, au nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli. Hizo za mwisho hazionekani hadi gurudumu litolewe.

Roboti inayorukaruka inapogeuka ina ugonjwa tofauti. Magurudumu sita yakiwa kwenye usawa mmoja, ya pembeni hulazimika kukwaruza zulia kwa ubavu kila roboti inapogeuka. Ndiyo maana jozi ya katikati hushushwa milimita 3 hivi, ili roboti igeuke juu ya magurudumu manne. Ikiwa mwanzoni mwa msimu iligeuka vizuri na sasa inaruka, pimeni kipenyo cha magurudumu ya katikati. Hubeba uzito mwingi, hulika, na ule mshuko unatoweka.

Kwa magurudumu ya mekanamu, yale yenye roli za mshazari, yanayokataa kwenda ubavu, simameni juu ya roboti mtazame. Roli za juu za magurudumu manne lazima zichore umbo la X. Zisipochora, magurudumu mawili yamebadilishana nafasi.

Mkono unatetemeka, unaanguka, au unakimbia wenyewe

Mkono unaokwenda kwa nguvu zote upande mmoja mara tu unapoamriwa kufika mahali ni hatari. Zimeni kwanza. Enkoda, kihisi kinachohesabu mizunguko, inahesabu kinyume na mota, hivyo kila hatua ya kusahihisha inaongeza kosa, au waya wake umechomoka na programu inasoma sifuri milele. Roboti ikiwa na umeme lakini mota zikiwa zimezimwa kwenye programu ya dereva, sogezeni mkono kwa mikono na mtazame namba kwenye skrini: ibadilike, na ibadilike kuelekea upande mlioutarajia.

Mkono unaotetemeka ukikaribia lengo, punguzeni nguvu ya kusahihisha kosa. Lakini kabla ya hapo, umeme ukiwa umezimwa, ushikeni nchani na kuutikisa. Ukiwa na ulegevu wa sentimita kadhaa kwa sababu ya cheni iliyolegea, hakuna namba kwenye programu itakayoutibu, na hapa ndipo wanafunzi wa programu huonewa sana. Mota ikizunguka na mkono usisogee, skrubu ndogo inayobana gia kwenye ekseli imeteleza. Ekseli ya pembe sita inaondoa tatizo hilo moja kwa moja, na kama mna muda, fanyeni hivyo badala ya kukaza skrubu kwa mara nyingine.

Kujiendesha yenyewe: warshani sawa, uwanjani ovyo

Ikikosea kila mara kwa namna ileile, tafuteni kitu kilichobadilika kati ya warsha na uwanja. Ikikosea kila mara kwa namna tofauti, tafuteni kitu kisichodhibitiwa.

Katika kundi la kwanza, mshukiwa mkuu ni sakafu: zulia jipya hushika magurudumu kuliko zulia lililochakaa. Wa pili ni kipenyo cha gurudumu kilichoandikwa kwenye programu wakati tairi zilikuwa mpya. Wa tatu ni upande wa muungano, yaani kundi la timu mnazocheza nazo, bluu au nyekundu. Njia iliyojaribiwa upande wa bluu pekee inaweza kugeuka vibaya upande wa nyekundu, na viwanja vingine ni taswira ya kioo huku vingine vikiwa vimezungushwa nusu mzunguko. Someni mchoro rasmi wa mwaka huo kabla ya kugeuza alama za jumlisha na kutoa.

Katika kundi la pili, kitu cha kwanza ni kujiendesha kwa kuhesabu sekunde. "Songa mbele sekunde mbili" ni umbali mmoja kwa betri iliyotoka kwenye chaja na umbali mwingine kwa betri iliyotumika. Hesabuni mizunguko ya enkoda. Cha pili ni jairo, ambayo kwa kawaida hujipima roboti inapowashwa. Ikisukumwa wakati huo, itaamini kwamba inageuka hata ikiwa imetulia. Wekeni roboti chini, iwasheni, na mikono itoke. Cha tatu ni jinsi inavyowekwa. Nyuzi 2 za kupinda mwanzoni ni karibu sentimita 14 za kukosea baada ya mita 4, kwa hiyo tengenezeni kipimo cha mbao au alama kwenye fremu badala ya kutegemea jicho la mtu mwenye wasiwasi.

Kamera ina mambo yake. Tangu 2023 viwanja vya FIRST Robotics Competition vina alama za AprilTag ambazo roboti hutumia kujua ilipo. Zikionekana roboti ikiwa imesimama na kupotea ikitembea, picha inafifia kwa mwendo: punguzeni muda wa lenzi kupokea mwanga, na muongeze taa ikibidi. Tumieni muda wowote wa upimaji mtakaopewa uwanjani, maana taa za pale si za warshani.

Tatizo lisilojirudia

Limetokea mara moja, na sasa kila kitu ni kizima. Msitangaze kwamba limepona. Fungueni kumbukumbu za mechi kwenye kompyuta ya dereva: mstari wa volti, pakiti za data zilizopotea, na sekunde ambayo mawasiliano yalikatika, kisha mziweke sambamba na video. Volti zilizoanguka kabla ya mawasiliano kukatika zinawarudisha kwenye betri na viungo. Mawasiliano yaliyokatika huku volti zikiwa juu yanawapeleka kwenye redio na nyaya zake.

Kama mechi inayofuata iko karibu na hamna jibu, badilisheni kifaa kimoja kinachoshukiwa zaidi, kimoja tu, na muandike. Mkibadilisha vitatu na roboti ikapona, hamtajua ni kipi, na viwili vizima vitaishia kwenye taka. Kilichotolewa kifungwe utepe mwekundu wenye maelezo ya dalili yake na namba ya mechi, na kisirudi kwenye sanduku la vipuri hadi kipimwe warshani. Kikirudi bila utepe, mwenzenu atakifunga tena kwenye roboti kwa nia njema, saa ile ambayo kila mtu ana haraka.